Mwanangu anasema jamii inahitaji wa juu na wa chini. Ni kweli?

SWALI

Mimi ni dalali wa viazi hapa Makambako. Kijana wangu anasoma sosholojia chuo Iringa, yuko mwaka wa pili. Likizo hii nilikuwa namlalamikia mshonaji wangu wa magunia anayetaka nimwongezee hela, mwanangu akadakia: wataalamu wameshathibitisha kwamba tofauti ya kipato ni lazima, jamii yenyewe inaihitaji, na anayepata kidogo ni kwa kuwa kazi yake si muhimu. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikaanza kujiuliza, maana bila mshonaji gari haliondoki. Ndivyo wataalamu wanavyosema kweli?

Baba Tumaini, Makambako

JIBU

Kamwene, Baba Tumaini.

Mwambie kijana amesoma vizuri mpaka katikati ya ukurasa. Nadharia anayoitaja ipo kweli, na mimi mwenyewe naifundisha hapa Iringa. Ila haisemi kwamba mshonaji wako si muhimu. Inasema jambo gumu zaidi kulimeza: mtu anaweza kuwa muhimu sana na bado akalipwa kidogo, na wenye nadharia hawaoni ajabu yoyote hapo.

Mtazamo huo tunauita uamilifu. Mwanauamilifu akikuta kitu kimedumu katika jamii, iwe ndoa, iwe matanga, iwe tofauti ya tajiri na maskini, swali lake la kwanza ni hili: kitu hiki kinaifanyia kazi gani jamii nzima? Wazee wa mtazamo huu walipenda mfano wa mwili, moyo na kazi yake, figo na kazi yake. Sisi tuna vidole. Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa, maana yake watu hutegemeana. Tunasema pia vidole havilingani, na mara nyingi hilo tunamwambia mtu anayelalamika ili anyamaze. Wanauamilifu walizishona methali hizo mbili zikawa moja: vidole havilingani kwa sababu vinategemeana. Uzuri wa nadharia uko kwenye mshono huo, na inapofumuka hufumukia hapohapo.

Wala mtazamo huu si mgeni kwetu. Miaka ya 1930 Godfrey Wilson, mwanafunzi wa Bronisław Malinowski, mmoja wa waasisi wa mtazamo huu, alikaa Rungwe pamoja na mkewe Monica wakiwachunguza Wanyakyusa kwa jicho hilohilo. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kuhusu vijiji vya rika. Wavulana wa miaka 10 hivi walikuwa wanahama kwa baba zao na kwenda kujenga kijiji chao wenyewe. Kwa nini? Maelezo yake ni uamilifu mtupu: mpangilio huo uliwaweka vijana mbali na wake za baba zao, na adabu kati ya vizazi ikasimama. Ng'ombe wa mahari, hata hivyo, walibaki mikononi mwa wazee, kwa hiyo kijana alikuwa wa chini mpaka mzee aamue vinginevyo. Nikifika hapo darasani, hakosekani mwanafunzi wa Tukuyu wa kunyoosha mkono na kuuliza kama wale vijana waliwahi kuulizwa. Uamilifu hauanzi na swali hilo, na wakati mwingine haulifikii kabisa.

Sasa tuje kwa wale ambao kijana wako amewasoma. Ni Wamarekani wawili, Kingsley Davis na Wilbert Moore, na makala yao ya mwaka 1945 haifiki hata kurasa 10. Wanaanza hivi: kila jamii ina nafasi za kujazwa. Lazima awepo wa kutibu, wa kuhukumu, wa kulima, wa kuzoa taka. Nafasi hizo hazifanani. Nyingine zinapendeza, nyingine zinachosha. Nyingine akikosekana mtu wake mambo mengi yanakwama. Nyingine zinataka kipaji, au miaka ya kusomea. Malipo yakiwa sawa kwa wote, nani atajitesa kwa ile ngumu? Chukua udaktari. Hapa kwetu ni miaka 5 ya chuo na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na kabla ya hapo umepambana na fizikia, kemia na biolojia ya kidato cha sita. Ili watu wavumilie yote hayo, jamii inaweka kitu kizuri mwishoni. Na si fedha tu. Walitaja malipo ya aina tatu: ya riziki na starehe za maisha, ya burudani, na ya heshima, ile ya mtu kujiona mtu mbele za watu. Malipo hayo yakishatofautiana kati ya nafasi na nafasi, umeshapata matabaka. Hakuna aliyeitisha kikao kuyapanga. Kwa maelezo yao, ni mbinu ambayo jamii imejikuta nayo bila kukusudia, ili nafasi nzito zishikwe na wanaoziweza.

Kijana wako aliteremkia kituo hicho. Gari lilikuwa bado linaendelea.

Makala inasema umuhimu peke yake haumpi mtu malipo makubwa. Kuna kipimo cha pili, nacho ni uhaba. Nafasi inaweza kuwa muhimu kabisa, lakini kama watu wa kuijaza wapo tele hakuna haja ya kumbembeleza mtu kwa mshahara. Maji ni muhimu kuliko ulanzi, pombe ya mianzi, ila kijijini kinacholipiwa ni ulanzi. Kwa hiyo, kwa maneno ya Davis na Moore wenyewe, ujira mdogo wa mshonaji hautoi ushahidi kwamba kazi yake ni ya ovyo. Unatoa ushahidi kwamba nyuma yake kuna vijana wengine wamesimama, mikono mfukoni, wanasubiri aumwe.

Na nadharia hii ina nguvu, sitakuficha. Walimu wawili wa daraja moja wanalipwa kiwango kilekile cha serikali, mmoja awe mjini Mbeya na mwingine ndani kabisa huko Makete, ambako masika barabara inageuka uji. Matokeo unayajua. Yule wa ndani anaripoti, anatandika godoro, na haichukui muda utasikia anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Davis na Moore wangekuuliza: nafasi ngumu mmeipa bei ya nafasi nyepesi, mlitarajia nini? Hapo sina la kuwapinga.

Lakini turudi kwa mshonaji. Julai moja nilisimama Isyonje, kwenye soko la viazi kule Mbeya, asubuhi nikisubiri gari, ukungu haujanyanyuka bado, nikawa namwangalia kijana mmoja akishona. Gunia lilishajaa mpaka mdomoni, na juu ya mdomo walikuwa wamejenga kichuguu cha viazi, lumbesa yenyewe. Akaliegemea kwa goti, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mkononi, kamba kaibana kwa meno, akawa anapitisha kamba ukingo huu na ukingo ule, anavuta, anakaza, mpaka kichuguu chote kikavaa wavu. Muda wote huo hakuangalia mkono wake hata mara moja. Alikuwa anabishana na mwenzake habari za mpira. Nikaomba kwa utani nishone moja. Viazi vilimwagika kabla sijamaliza upande wa kwanza, na msimamizi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hilo lako lingefika Kitonga limebaki nusu."

Nikawaza njia nzima. Kazi tunayosema ni ya yeyote, kumbe ina ufundi wake, ila ufundi huo hauna cheti. Tukisoma neno mafunzo katika makala ya 1945 tunaona shule, kofia na joho. Hatumwoni mtu aliyejifunza kwa kumwaga viazi vya watu. Na uhaba nao hauoti wenyewe kama uyoga. Nafasi za kusomea udaktari au sheria zina idadi, kuna mitihani ya kuchuja, kuna mabaraza ya kusajili, na asiyesajiliwa akitibu anakamatwa. Mengi ya hayo yana sababu nzuri. Hakuna anayetaka kupasuliwa na mtu wa kubahatisha. Lakini washonaji wa Isyonje hawana baraza. Kijana yeyote akifika na shazia yake, tayari yuko kazini. Kwa hiyo katika malipo ya daktari kuna sehemu inayotokana na ugumu wa kazi, na kuna sehemu inayotokana na wembamba wa mlango, na walioushika mlango ni wale walioko ndani. Hilo uamilifu huligusa kwa mbali sana.

Mwaka 1953 Mmarekani mwingine, Melvin Tumin, aliichambua makala ile mstari kwa mstari. Kwanza aliuliza umuhimu unapimwaje. Kiwandani tunasema injinia ni muhimu kuliko kibarua. Haya, waondoe vibarua wote uone kiwanda kitatoa nini. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mwanauamilifu mwenye haraka kwa nini nafasi fulani ni muhimu, atakuonyesha mshahara wake. Ukimuuliza kwa nini mshahara ni mkubwa, atakuonyesha umuhimu. Huko ni kupima gunia kwa gunia lilelile, na wewe mambo ya mizani unayajua. Davis na Moore walishaliona shimo hilo, wakapendekeza dalili mbili. Je, kazi ya nafasi hii inaweza kufanywa na nafasi nyingine? Na ni nafasi ngapi zinazoitegemea? Sawa, ziweke dalili hizo kwenye biashara yako: mkulima, mchimbaji, mshonaji, mpakiaji, dereva, utingo, dalali. Uniwie radhi, baba, lakini ukiniuliza ni nani kati ya hao ambaye kazi yake inaanza kufanywa na simu ya mkononi, sitamtaja mshonaji.

Hoja yake ya pili inanihusu mwenyewe. Davis na Moore walisema anayesomea kazi ngumu anajinyima miaka mingi, kwa hiyo lazima avutwe kwa malipo ya baadaye. Tumin akauliza ni nani hasa anayejinyima, maana gharama mara nyingi hubebwa na wazazi. Kwangu mimi aliibeba dada. Alifaulu darasa la saba miaka miwili kabla yangu, kwa alama nzuri kuliko zangu. Mwaka wake ada haikupatikana, akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama walivyokwenda na wanavyokwenda mabinti wengi wa Iringa. Mwaka wangu ada ilipatikana, kwa sababu yeye ndiye aliyeituma, kwenye bahasha, kwa mkono wa kondakta wa basi. Kwa hesabu za nadharia, aliyejinyima ni mimi niliyekuwa bwenini nikila maharage yenye wadudu, na fidia yake naipokea kila mwisho wa mwezi. Dada kwenye hesabu hizo hayumo.

Hayumo pia kwa namna nyingine. Nadharia inadai kwamba tofauti za malipo zinasaidia kumpata anayefaa zaidi. Tumin alisema tofauti hizohizo, zikishakomaa, zinamzuia anayefaa asifike hata mahali pa kuchujwa. Ndiyo maana mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilipofutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikia kidato cha tano na sita, mimi niliisoma habari hiyo kama mtu wa somo langu: idadi ya wanaofika kwenye chujio imeongezwa. Kilichobaki nje, yaani sare, umbali, na shamba linalomsubiri mtoto, hakifutwi kwa waraka.

Kwa kuwatendea haki Davis na Moore, waliandika wazi kwamba wao wanaeleza nafasi, si watu wanaozishika. Wanaweza kukueleza kwa nini kiti cha dereva wa Fuso kina hela kuliko kiti cha utingo. Kwa nini kwenye kile kiti amekaa mpwa wa mwenye gari, hilo wameliacha nje. Wanafunzi wangu wengi, na nahisi kijana wako ni mmojawapo, huchukua maelezo ya kiti wakayatumia kumsifu aliyekalia.

Wapo wanauamilifu walioona hatari hiyo mapema. Robert Merton mwaka 1949 aliwatahadharisha wenzake kwamba ukisema jambo lina kazi, useme kwa nani, kwa sababu linalomjenga huyu linaweza kumbomoa yule. Herbert Gans alilichukua onyo hilo mbali. Mwaka 1972 aliandika, bila hata kutabasamu, orodha ndefu ya faida za umaskini: maskini hufanya kazi chafu ambazo wengine hawazitaki, hununua vitu vilivyochakaa, huwapa ajira wanaolipwa kuwahudumia na kuwachunga. Ukimsoma mbiombio utadhani anausifia. Mwishoni anaonyesha kwamba nyingi ya kazi hizo zingeweza kufanyika kwa njia nyingine, ila wenye nacho ndio ambao wangelipia zaidi. Dada yangu alikuwa na faida kubwa kwa familia moja ya Dar es Salaam. Mama wa nyumba ile alikwenda ofisini kila asubuhi kwa sababu binti wa Iringa alibaki na mtoto. Hapo uamilifu unaona sawasawa kabisa: ile tofauti ilikuwa na kazi. Swali la Merton ndilo linalobaki mezani.

Kijana atakuambia, basi punguza tofauti uone kama nafasi hazitabaki tupu. Hilo sisi tumewahi kulijaribu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na kwenye sakata hilohilo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikaguswa. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye makampuni. Viti vya uongozi havikukosa wa kuvikalia. Mwanauamilifu anaweza kujitetea hapa, na utetezi wake si mbaya. Talcott Parsons, mwanauamilifu mwingine wa Marekani, alikuwa ameandika tangu 1940 kwamba ngazi ya heshima hufuata kile ambacho jamii inakithamini. Wakati ule tulimthamini mtumishi wa umma, kwa hiyo alilipwa kwa jina. Masharti yale yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na leo heshima isiyo na posho haina wagombea wengi. Mimi ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba ukubwa wa pengo haukuletwa na nafasi zenyewe. Viti vilikuwa vilevile; sisi ndio tulioamua umbali kati yao, mara ya kwanza na mara ya pili.

Nimemweka mwisho aliyetangulia wote, Mfaransa Émile Durkheim, kwa sababu kuna ukurasa wake ambao wanafunzi huuruka. Kitabu chake cha mwaka 1893 ndicho kilichosema kwa ufasaha kwamba mgawanyo wa kazi unawafunga watu pamoja: wewe huli bila mkulima wa Makete, naye hanunui bati bila wewe. Lakini humohumo akaeleza namna mgawanyo huo unavyoharibika, pale mtu anaposukumwa kwenye kazi na alikozaliwa badala ya uwezo wake. Akasema maadamu wapo matajiri na maskini wa kuzaliwa, mikataba ya haki haiwezekani. Fikiria mkulima anayekuja kwako deni la mbolea limeiva, na viazi havingoji kama mahindi. Hakuna aliyemshikia panga. Ameikubali lumbesa kwa kinywa chake. Lakini wewe unaweza kungoja mpaka kesho kutwa, yeye hawezi kufika hata jioni, na bei yenu imetokea kwenye tofauti hiyo. Si ujuzi uliolipwa hapo, wala uhaba, wala umuhimu. Ni nani anaweza kusubiri.

Sasa mshonaji wako anataka nyongeza. Nadharia ya kijana haiwezi kukukataza wala kukuamuru, inaweza kubashiri tu. Kama wanaoshona kama yeye ni wachache hapo Makambako, atahamia kwa dalali wa pili, nawe utaijua thamani yake siku dereva atakapokupigia simu kutoka Kitonga. Kama wako wengi atabaki, na atabaki kwa sababu hana pa kwenda, na hapo tena tumeshamrudia Durkheim. Kuhusu kile kichuguu chenyewe, lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo na hilo halihitaji sosholojia. Ila fahamu kwamba kukishona ndiko kunakomla muda, na gunia lililokoma mdomoni angelimaliza haraka zaidi kwa ujira huohuo.

Naye kijana, kabla likizo haijaisha, mpe shazia na magunia matatu. Akimaliza aje tulijadili upya hilo neno muhimu. Kama ni mwaka wa pili hapa Iringa, huenda ni wangu, na kwa jinsi alivyoinukuu ile makala, atakuwa anakaa safu za nyuma.